Gia Inayochomoka Haitibiwi kwa Mpira wa Tyubu

Mpira wenyewe ulikatwa kwenye tyubu kuukuu ya gari, upana wa vidole viwili. Upande mmoja umepigwa fundo kwenye leva ya gia, upande wa pili kwenye mguu wa kiti cha dereva, na katikati umekaza kama manati inayosubiri ndege. Lori lenyewe, Fuso, lilikuwa limesimama Bungu, pale njia ya Nyamisati inapoikuta barabara kuu, lina nazi mpaka juu ya bodi, nazi zilizovushwa kwa mashua kutoka Mafia. Nikamuuliza utingo, kijana ambaye ndevu zake bado zinahesabika, mpira ukikatika inakuwaje. Akanifungulia kiganja cha mkono wa kulia. Chini ya vidole palikuwa na sugu nne, zimepangana kama punje za mahindi.

“Naivuta hivi, mzee, mpaka tumalize mteremko.”

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya kiganja kile. Kuanzia Mbagala mpaka Somanga nimeona dawa tatu za gia inayochomoka: mpira wa tyubu, mkono wa utingo na goti la dereva. Zote tatu ni udanganyifu, na nitazisema vibaya bila kuona haya. Mpira wa tyubu ufunge godoro juu ya basi, ufunge kuni kwenye baiskeli. Meno ya chuma yakishindwa kushikana yenyewe, mpira utayashikaje? Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hapa ni tani kadhaa za nazi zinazokusukuma kutoka mgongoni.

Ipo na dawa ya nne, nayo ndiyo inayomkausha tajiri mfukoni. Fundi anasikia neno “inachomoka” na papo hapo anaagiza jeki na magogo, anaishusha giaboksi chini ya mwembe, anaifungua yote kwenye gunia, anabadilisha alichokipata, anairudisha. Wiki haijaisha gia inachomoka tena. Hakuuliza swali hata moja. Giaboksi ni kama mgonjwa mwenye akili timamu: inajua inapoumwa na iko tayari kusema, ila haisemi ikiwa vipande vipande.

Basi tuanze na kuelewa kinachochomoka ni nini. Wengi wanadhani ukipanga gia unasukuma gia moja ikakutane na nyingine. Kwenye malori tunayoendesha siku hizi, magurudumu ya gia za mbele yameshikana meno wakati wote, hata lori likiwa fri. Unachosogeza kwa leva ni pete nzito yenye meno kwa ndani. Foki inaisukuma pete hiyo mpaka ivae meno madogo yaliyo ubavuni mwa gia uliyoichagua, na hapo gia na shafti vinazunguka kama kitu kimoja. Meno hayo hukatwa kwa mshazari kidogo, ili mzigo ukiingia yavutane kwenda ndani badala ya kusukumana kutoka nje. Juu yake, kwenye fimbo inayobeba foki, kuna goroli ya chuma na springi. Goroli inadumbukia kwenye kishimo, na ule mkato unaousikia mkononi gia inapokaa ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo gia inachomoka kwa mojawapo ya haya: haikufika mwisho, au ilifika ikakosa wa kuishika, au ilishikwa vizuri na kitu kikaja kuisukuma. Nitarudi hapa mara kwa mara, kwa sababu kila ugonjwa wa gia hii ukiuchimba unaangukia kwenye moja ya hayo.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha unaumwa ugonjwa unaoutaja. Yuko dereva anayesema gia inateleza kumbe klachi ndiyo inayoteleza. Tazama leva. Injini ikilia, mwendo usiongezeke, pakanuka kama kamba inayoungua, na leva imetulia mahali pake, hiyo ni klachi. Leva ikiruka yenyewe kurudi fri na injini ikapiga kelele kwa kukosa mzigo, ndipo unaumwa ninachokisema.

Sasa barabara ndiyo gereji ya kwanza, na watu wa Kibiti wamejaliwa barabara ya kila aina. Toka Kibiti kuelekea Ikwiriri, lami imenyooka na ardhi imelala. Panda na mtu mwenye daftari. Ondoa ule mpira, ondoa mkono kwenye leva, na uende mwendo wa kawaida. Ukiwa gia ya tatu kanyaga mafuta, achia, kanyaga, achia. Fanya hivyo kwenye ya nne, kwenye ya tano. Mwenzako aandike gia gani imetoka na imetoka wakati gani. Inayotoka ukikanyaga, wakati injini inavuta, mara nyingi ina meno yaliyolika upande wa kuvutia, au injini nzima inahama mahali pake. Inayotoka ukiachia, wakati magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, mara nyingi ina shafti inayocheza mbele na nyuma kwa sababu beringi au washa zake zimechoka, na meno ya upande wa pili yamelika.

Kisha nenda kwenye njia mbovu, ile ya kuingia Nyamisati baada ya mvua, yenye makorongo yanayolitikisa lori kama chekeche. Gia iliyokuwa imetulia kwenye lami ikianza kuruka huku, usiitazame giaboksi. Tazama leva. Leva ndefu ni pendulamu. Chasisi ikijikunja na kabini ikiyumba, uzito ulio juu ya leva unakwenda mbele na nyuma, na kila ukienda unaivuta foki. Nimeona leva zimeongezewa bomba ziwe ndefu, zimevishwa kichwa cha chuma kizito kama kitasa cha mlango, na chini yake zimening'inizwa shanga, tasbihi na kiatu cha mtoto. Mapambo hayo ninayapenda, ni nyumba ya mtu hiyo, analala humo siku nyingi kuliko anavyolala kwake. Lakini yaning'inie kwenye kioo. Leva ibaki na kichwa chepesi ilichotoka nacho kiwandani.

Daftari likirudi, soma kwa utulivu. Gia moja tu inatoka, na nyingine zote ni imara: ugonjwa uko ndani, kwenye meno ya gia hiyo na pete yake. Gia mbili jirani zinazoshirikiana foki zinatoka zote mbili: shuku foki, goroli au springi ya fimbo ile. Katika malori mengi ya gia tano, ya pili na ya tatu ni za foki moja, ya nne na ya tano ni za nyingine, lakini tazama mchoro ulio juu ya leva yako, usiniamini mimi. Gia zote zinatoka: toka nje kabisa ya giaboksi, kaangalie mauntingi, bolti na fimbo za kuunganishia leva.

Ile Fuso ya Bungu ilikuwa na jibu la ajabu. Dereva alituambia ya tatu ndiyo mbaya, na ya tano inatoka mara mojamoja. Ya pili na ya nne hazijawahi kutoka hata siku moja. Ya tatu na ya tano hazishirikiani foki. Fundi mzee aliyeitwa kutoka Kibiti alishuka kwenye bodaboda, akaitikia shikamoo zetu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia dereva akae kwenye kiti na apange gia moja moja polepole, injini ikiwa imezimwa. Yeye akasimama mlangoni, akaitazama leva kama mtu anayetazama mshale wa mizani. Nitamwacha hapo kwanza, kwa sababu alichokitafuta kinahitaji maelezo.

Ukaguzi wa nje una mpangilio, na wa kwanza ni mauntingi. Hizo raba zinazoibeba injini na giaboksi hula dizeli na oili mwaka hadi mwaka, zikalainika kama ubwabwa, zikapasuka. Injini ikivuta inajipinda. Raba zikiwa zima inajipinda kidogo na kurudi. Zikiwa zimekatika, injini na giaboksi vinainuka pamoja wakati leva imebaki imeshikiliwa na kabini, na kule kuachana ndiko kunakoichomoa gia. Weka vigingi kwenye magurudumu, ingia na mtaimbo, inua taratibu pale penye raba. Ikiachana na chuma chake ukaona mwanga, umeshapata pa kuanzia, na bei ya mauntingi huwezi kuifananisha na bei ya kufungua giaboksi.

Cha pili ni fimbo na viungo vyake. Malori haya ya kabini ya kuinuliwa yana safari ndefu kutoka leva hadi giaboksi, na kila kiungo kina bushi. Bushi moja ikilika milimita mbili, ya pili milimita mbili, ya tatu hivyo hivyo, leva inafika mwisho mkononi mwako lakini foki haijafika. Hapo gia haikufika, na gia isiyofika inashikwa kwa ncha za meno tu. Kipimo chake ni rahisi: fungua fimbo pale inapoingia giaboksi, panga gia kwa mkono kutoka kule chini mpaka usikie goroli imedumbukia, kisha rudi utazame fimbo imepungukiwa kiasi gani. Rekebisha urefu wake. Spana mbili zinatosha.

Cha tatu, bolti zinazoishika giaboksi kwenye injini. Ikiwa imewahi kushushwa, hapa uwe mkali. Uso wa chuma wa giaboksi na uso wa injini ni lazima zikutane zikiwa kavu na safi. Punje za mchanga wa Kibiti zikibaki katikati, au bolti mbili zikaachwa kwa sababu hazikuonekana gizani, giaboksi inakaa upogo. Shafti yake ya kuingilia haiko tena kwenye mstari mmoja na injini, na kila mzunguko unaisukuma pete nje. Beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili nayo ikifa inaleta balaa hilohilo, na wengi wanaisahau kwa sababu ni ndogo na imejificha. Fundi akishusha giaboksi yako, simama naye. Futa nyuso zote mbili kwa kitambaa safi, umnunulie turubai kabla hujamnunulia soda.

Sasa maji. Huku ni bonde la Rufiji, na maji ni sehemu ya hadithi ya kila gari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na gia kuchomoka kwenye mteremko wa kuingilia kivukoni maana yake ilikuwa mtoni. Daraja lile la karibu mita 970 limetuondolea hofu hiyo, lakini mto haujahama. Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijijini na mashambani Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaikata barabara ya kusini huko Somanga. Malori yalipita kwenye maji ya kufunika ekseli, mengine mara nyingi kwa siku.

Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia juu yake. Ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Ukiitumbukiza ikiwa ya moto kwenye maji baridi, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na giaboksi inavuta pumzi. Maji yakiwa yamelifikia tundu, inavuta maji. Tundu likiwa limezibwa na tope, inavuta kupitia sili. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, beringi zinashika kutu usiku lori likiwa limelala, na miezi kadhaa baadaye shafti inaanza kucheza na gia inaanza kuruka. Dereva hataunganisha mambo hayo mawili. Atasema giaboksi imechoka. Ukivuka maji marefu, fungua oili siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Na oili yenyewe ni barua. Weka beseni, legeza plagi, acha matone ya kwanza yaanguke kwenye kiganja, kisha toka juani ugeuze mkono taratibu. Unga wa rangi ya dhahabu ni shaba ya zile ringi za sinkronaiza, kifaa ambacho Cadillac walikiingiza kwenye magari yao mwaka 1928 na kikawapunguzia madereva kazi ya kukanyaga klachi mara mbili. Ringi zikiisha gia inasaga meno ukiipanga, lakini hilo peke yake mara chache huichomoa gia. Magamba ya fedha membamba kama ya dagaa ni beringi inayobabuka. Kipande chenye kona, cha kushikika kwa vidole viwili, ni jino. Ukishashika jino, lori lisiende Dar es Salaam hata kama nazi zinaota. Ukirudisha oili, rudisha iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili nzito ya difu si lazima iifae giaboksi: viungo vilivyomo katika baadhi ya oili za GL-5 vinakula shaba, na ringi zile ni shaba.

Ikiwa yote ya nje yako sawa na gia bado inatoka, hapo fundi ana haki ya kufungua. Tajiri usimpigie simu ya “imeisha?” kila nusu saa. Mwombe akuonyeshe. Pete na meno madogo ya gia: ncha ziwe na kona, si mviringo kama meno ya mzee. Zikiwa zimelika, vibadilishwe vyote viwili, pete na gia yake, kwa sababu meno mapya yakivaa meno yaliyolika yanaharibiwa kabla ya mwezi. Foki: miguu yake ipimwe unene, na mwanya wake ndani ya mfereji wa pete usizidi uliotajwa na mtengenezaji. Goroli: iwe mviringo, iteleze bila kukwama. Springi: hapa ndipo panapochezwa mchezo mchafu kuliko wote. Springi iliyochoka inavutwa kwa koleo iwe ndefu, au inawekewa washa chini yake, au inatafutwa kali zaidi ya gari jingine. Gia inakaa, kila mtu anafurahi. Lakini sasa kupanga gia kunahitaji nguvu za mtu anayechota zege, dereva anasukuma kwa bega, foki inapinda, na foki iliyopinda haifikishi pete mwisho. Springi mpya ya saizi yake ni kitu kidogo sana cha kununua Gerezani, Dar es Salaam. Mnunulie.

Kuna dawa moja ya bure, nayo ni ya dereva peke yake. Toa mkono kwenye leva. Najua ni raha kupumzisha kiganja pale njia ndefu ikichosha. Uzito wa mkono unashuka hadi kwenye foki, foki inabaki imeegemea pete inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na inalika kidogo kidogo kutoka Kibiti hadi Lindi. Mkono ukae kwenye usukani. Foki itakushukuru kwa miaka.

Na nisiondoke bila kusema la mteremko. Lori likichomoa gia likiwa limebeba, injini haikushikilii tena, breki zinabaki peke yake, na breki za moto hupungua nguvu. Anayezima injini kuokoa dizeli anapoteza na usukani mwepesi, na upepo wa breki haujazwi tena. Halafu lori likisimama, utingo analala uvunguni, kwenye kivuli, kwa kuamini gia aliyoiacha dereva. Gia hiyohiyo inayochomoka. Kigingi cha mbao kwa kila gurudumu la nyuma, mbele na nyuma yake, kila mara, hata mkisimama kununua maji. Nasema hili kwa sauti kubwa kuliko yote niliyoyasema.

Turudi Bungu. Fundi alitazama leva ikienda mbele kwenye ya pili na ya nne, ikatulia. Ikirudi nyuma kwenye ya tatu na ya tano, ilijirudisha mbele yenyewe, unene wa ukucha tu. Akainama sakafuni. Buti ya leva, ile raba laini inayozuia vumbi, ilikuwa imechanika zamani, na mtu mwenye nia njema aliiondoa akapigilia mahali pake kipande cha tairi, kigumu kama ubao, chenye tundu dogo lililobana leva upande wa nyuma. Kila leva ilipovutwa nyuma, kile kipande kiliirudisha mbele. Mpira mmoja ulikuwa ukisukuma, na wa pili umefungwa kwenye kiti kushindana nao.

Alikikata kwa kisu cha mwenye duka, akaziba tundu kwa gunia lililokunjwa, akapanda kando ya dereva. Wakaenda mpaka karibu na Jaribu, wakarudi na ya tatu haikutoka. Hata hivyo aliwaambia wafungue oili wakifika Mbagala, maana gia iliyotembea muda wote huo kwa ncha za meno haikosi jeraha, na akamtajia dereva namba ya buti ya kununua.

Utingo alifungua lile fundo kwenye mguu wa kiti. Lilikuwa limekaza sana, ikabidi atumie meno. Akauzungusha mpira mkononi, akapanda juu ya bodi, akafungia nao kona ya turubai iliyokuwa ikipigapiga.